Istilahi za Urithi wa Maradhi ya Akili: Skizofrenia na Kiwango cha Elimu

Katika taaluma ya tiba mna maneno ambayo yakifasiriwa vibaya hayaharibu sentensi peke yake, bali huharibu pia jina la ukoo. Mfasiri akiandika kwamba skizofrenia ni "ugonjwa wa kurithi", msomaji wa kawaida ataelewa jambo moja tu: kwamba watoto wa mgonjwa nao wataugua. Kwa tafsiri ya namna hiyo posa huweza kuvunjika, na mwanafunzi huweza kutazamwa kwa shaka hata kabla hajaketi darasani. Makala haya yanakusudia kueleza dhana za msingi katika somo hili na kupendekeza istilahi za kuzieleza.

1. Jina la ugonjwa

Jina skizofrenia lilibuniwa mwaka 1908 na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "kupasua" na "akili". Hakukusudia mtu mwenye nafsi mbili, kama wengi wanavyodhani, bali kule kutengana kwa fikra na hisia za mgonjwa. Wajapani walilifasiri jina hilo neno kwa neno, wakapata "ugonjwa wa akili iliyopasuka". Familia za wagonjwa zililalamika kwamba jina lenyewe lilikuwa hukumu, na mwaka 2002 likabadilishwa kuwa jina lenye maana ya hitilafu ya uunganishaji. Hapo pana funzo kwetu. Maneno "wazimu" na "kichaa" yanajumlisha maradhi mengi, na juu ya hayo ni matusi. Kwa hiyo yafaa kutohoa: skizofrenia.

2. Kurithi na kurithika

Katika Kiswahili, arithiye shamba hupata shamba lenyewe. Mzazi hampi mtoto wake skizofrenia kwa namna hiyo. Humpa jeni, na baadhi ya jeni hizo huongeza au hupunguza uwezekano wa kupatwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha wagonjwa 76,755 na watu 243,649 wasio na ugonjwa huo, ulibainisha sehemu 287 za jenomu zinazohusika. Aghalabu nguvu ya kila tofauti ya kijeni katika sehemu hizo ni ndogo mno. Vighairi ni vichache. Kimojawapo ni kukosekana kwa kipande fulani cha kromosomu ya 22, ambapo karibu robo ya watu wenye upungufu huo hupatwa na maradhi ya jamii hii.

Katika watu 100, takriban mmoja hupatwa na skizofrenia maishani mwake. Mzazi mmoja akiwa mgonjwa, idadi hiyo kwa watoto hufikia kama 10 katika 100. Ndiyo kusema, 90 hawapatwi. Hata katika mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mara nyingi mmoja huugua na mwenziwe akabaki mzima.

Pamoja na hayo, wataalamu husema kwamba skizofrenia ina kipimo cha karibu asilimia 80. Hapo ndipo wafasiri wengi hujikwaa. Asilimia hiyo haihesabu watoto watakaougua. Inaeleza kwamba, katika jamii iliyochunguzwa, sehemu kubwa ya tofauti za uwezekano baina ya watu huambatana na tofauti za jeni zao. Ni sifa ya jamii, si ya mtu mmoja. Kwa dhana hii tunapendekeza "urithikaji", kutokana na kitenzi kurithika. Kiambishi -ik- huonyesha hali ya kuwezekana, nacho kinatuepusha na wazo la mali inayokabidhiwa nzima.

3. Uwiano na kiwango cha elimu

Skizofrenia aghalabu huanza kati ya miaka ya mwisho ya ujana na miaka ya thelathini, wakati wa masomo na mafunzo. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe huweza kumkatiza mtu elimu yake, wala si lazima tutafute sababu katika jeni.

Jeni nazo hazisemi kauli moja. Tofauti za kijeni zinazoongeza uwezekano wa skizofrenia huambatana, kwa kiasi kidogo, na matokeo ya chini katika majaribio ya kufikiri. Lakini uwiano wake wa kijeni na miaka ya masomo unakaribia sifuri. Utafiti wa mwaka 2021 ulitoa mwanga juu ya jambo hilo. Miaka ya masomo hutegemea uwezo wa kufikiri pamoja na mambo mengine, kama vile bidii na hamu ya kujua. Ile sehemu isiyopimwa na majaribio ya kufikiri ilionekana kuambatana na uwezekano mkubwa zaidi wa skizofrenia. Basi ni mikondo miwili inayokabiliana, na jumla yake huonekana kama maji yaliyotulia. Hivyo mfasiri asiandike "akili" mahali penye "kiwango cha elimu".

Kadhalika, jumla ya athari za jeni nyingi isiitwe "alama", kwani mwalimu ataidhania kuwa ni matokeo ya mtihani. Kipimo hicho hukadiria wastani wa kundi na hakimtabirii mwanafunzi mmoja. Tena, ndugu wa tumbo moja wanapolinganishwa, nguvu yake kuhusu elimu hupungua sana, kwa sababu sehemu yake ilikuwa kivuli cha malezi na hali ya nyumbani. Aidha, takwimu nyingi zimetokana na watu wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika ukadiriaji wake ni dhaifu.

4. Istilahi zinazopendekezwa

Skizofrenia: ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, hisia na utambuzi wa mambo yaliyopo.
Uwezekano wa kupatwa: si "hatari", neno linalotisha pasipo kupima.
Urithikaji: sehemu ya tofauti baina ya watu katika jamii inayoambatana na jeni.
Uwiano wa kijeni: kiasi ambacho tabia mbili huambatana na jeni zilezile, si usababishi.
Kipimo jumlishi cha kijeni: jumla ya athari ndogo za jeni nyingi.
Kiwango cha elimu: miaka au hatua ya masomo aliyofikia mtu.

Wasomaji, hasa walimu na wafasiri wa nyaraka za afya, wanaombwa kuzijaribu istilahi hizi kazini na kuleta maoni yao kabla hazijakubaliwa.