Kabla ya kumwambia fundi kompyuta 'imekufa', teua kitenzi kifaacho

Pita karibu na vibanda vya mafundi mjini Kisii au Nyamira baada ya mvua ya alasiri, utasikia wateja wakirudia kauli moja: "Fundi, hii kitu imekufa." Nyanda za juu za Gusii zinajulikana kwa radi, na stima ikipotea kisha irejee kwa nguvu kupita kiasi, vifaa vingi huathirika.

Hoja yangu wiki hii ni kwamba kitenzi 'kufa' hakimwelekezi fundi popote, na kinaweza kumponza mwenye kifaa. Tarakilishi huamka kwa hatua: hupokea umeme, hujikagua viungo vyake, kisha husoma programu endeshi kutoka kwenye diski. Kila hatua ina kitenzi chake.

Kwanza, 'haiwaki'. Kuwaka ni kitenzi cha moto, na kauli yake ya kutendesha ndiyo iliyotupa 'washa'. Sema 'haiwaki' pale tu ambapo hakuna taa wala mvumo wa feni. Kagua soketi, waya na chaja. Ikiwa ni kipakatalishi, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi, kisha rudisha chaja ujaribu tena.

Pili, 'inawaka lakini haionyeshi kitu'. Feni inazunguka ila skrini ni nyeusi. Ukisikia milio, ihesabu, maana mpangilio wake ni ujumbe ambao fundi anaweza kuufasiri kulingana na aina ya mashine. Mara nyingi kadi ya kumbukumbu imelegea tu. Ichomolewe, isafishwe, irudishwe.

Tatu, 'haifunguki'. Nembo inatokea, kisha mashine inakwama. Hapa umeme upo. Mshukiwa ni programu endeshi au diski. Windows 10 na 11 zikishindwa kufunguka mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida huleta zenyewe ukurasa wa ukarabati.

Viambishi navyo vina kazi. 'Imezimwa' inatuambia kuna aliyeizima. 'Imezimika' inataja hali bila kumtaja mtendaji. Huenda stima ilipotea. 'Inajizima', yenye kiambishi 'ji' cha kujirejelea, inaonyesha kwamba chanzo kimo ndani ya mashine yenyewe. Ikijizima kila baada ya dakika chache, shuku joto na feni iliyojaa vumbi.

Je, haya ni mambo ya darasani tu? La hasha! Mwanafunzi mmoja wa uzamili niliyemsimamia alipeleka kipakatalishi chake kwa fundi akasema, "Imekufa." Kumbe nembo ilikuwa ikitokea. Fundi, kwa kuamini kwamba hapakuwa na cha kuokoa, akaifomati diski na kuweka programu endeshi upya. Mashine ikafunguka vizuri, lakini mahojiano ya Ekegusii aliyokuwa amewarekodi wazee kwa miezi mingi yakafutika. Hakuwa na nakala kwingine. Baadhi ya wazee hao hatunao tena.

Laiti angesema 'haifunguki', fundi angejua kwamba diski huenda ni nzima. Angeichomoa, aiunganishe na mashine nyingine, anakili kazi yote kwanza, kisha ndipo afomati.

Basi, msomaji wangu, ukifika kwa fundi mweleze mambo matatu: mashine inafika hatua gani, shida ilianza baada ya tukio lipi (radi, kuanguka, programu mpya), na ndani mna kazi gani. Halafu umwambie waziwazi: "Usifomati kabla ya kunakili kazi yangu." Kwa Kiswahili sanifu au cha mtaani, sentensi hiyo isikose kinywani mwako.