Kidonge cha Tezi Kinapokwamia Tumboni

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hutoa homoni zinazoendesha kasi ya mwili mzima. Zikipungua, mtu huchoka bila sababu, husikia baridi, hunenepa na kupata choo kigumu. Tiba yake ni levothairoksini, homoni ya kutengenezwa, ambayo wengi huimeza kila siku maisha yao yote. Daktari hupima TSH, homoni itokayo kwenye tezi ndogo chini ya ubongo kuihimiza thairoidi ifanye kazi. TSH ikibaki juu, dozi haitoshi.

Wapo wagonjwa wanaomeza kidonge barabara na TSH isishuke. Ni rahisi kuwashuku kwamba wanaruka siku, na kweli wapo wanaoruka, lakini wengine hawana hatia yoyote. Mwaka 2006 Marco Centanni na wenzake, madaktari wa Italia, walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 248 wenye rovu waliokuwa wakitumia dawa hiyo. Waliokuwa na uvimbe wa ukuta wa tumbo unaopunguza asidi walihitaji dozi kubwa zaidi kwa asilimia 22 hadi 34 kuliko wenzao.

Sababu ni asidi. Kidonge huyeyuka vizuri palipo na asidi ya kutosha, kisha dawa hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Asidi hupunguzwa na omeprazoli, dawa ya tumbo ambayo watu wengi hujinunulia tu dukani, na pia na bakteria Helicobacter pylori, msababishi mkubwa wa vidonda vya tumbo. Bakteria huyo alitambuliwa na Robin Warren na Barry Marshall mjini Perth, Australia. Wenzao hawakusadiki kwamba ndiye anayeleta maradhi hayo, hata Marshall akaamua mwaka 1984 kunywa uji wa bakteria hao, na tumbo lake likavimba ndani. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Kumgundua bakteria si kazi ngumu, ila kipimo kichaguliwe vizuri. Kile cha damu hutafuta kingamwili, nazo hudumu mwilini muda mrefu baada ya bakteria kufa, hivyo hakiwezi kuthibitisha kwamba mgonjwa amepona. Bora ni kipimo cha choo, au cha pumzi: mgonjwa hunywa urea yenye kaboni maalumu, bakteria akiwepo huivunja, na kaboni hiyo hutoka kwenye pumzi. Omeprazoli husimamishwa wiki mbili kabla na antibiotiki wiki nne, la sivyo majibu hudanganya.

Katika utafiti wa Italia, wagonjwa 11 walipimwa kabla na baada ya kutibiwa bakteria, na TSH yao ilishuka pasipo dozi kuongezwa. Hapo pana hatari pia: dozi iliyopandishwa awali inaweza kuzidi, moyo ukaenda mbio na mifupa ikadhoofika. Ndiyo maana TSH hupimwa upya wiki sita hadi nane baada ya badiliko lolote la tiba.

Levothairoksini humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma, kama wanavyopewa wajawazito kliniki, na vya kalsiamu huzuia ufyonzaji wake, kwa hiyo vipishane nayo kwa saa nne. Anayetumia dawa ya tumbo, hata ya kujinunulia, amweleze daktari wake kabla dozi haijapandishwa.