Ukisaini nje, nyumba ya Bunda inakufuata mpaka TRA

MUSOMA. PITA jioni yoyote Uwanja wa Karume, au viwanja vya vumbi vya Nyasho na Makoko, utawakuta madogo wanakimbiza mpira wakiwa na majina ya mastaa wa Ulaya mgongoni. Ukiwauliza wanataka nini, jibu ni lilelile: kusaini nje, kuvuna mkwanja, kumjengea mama nyumba Bunda au Butiama, na kila Juni kurudi likizo kula sato wa ziwani.

Ndoto nzuri. Ila ndani yake kuna kitu ambacho mameneja wengi hawamwambii mchezaji siku ya kusaini. Nyumba ile na likizo ile, vikiwa pamoja, vinaweza kumfanya aendelee kuhesabika mkazi wa kodi wa Tanzania, hata kama mshahara wake wote unaingia benki ya Riyadh au Istanbul.

Mara tunajua mpira haupotei uwanjani tu. Oktoba 2021 Biashara United iliichapa Al Ahli Tripoli mabao 2-0 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, ikabaki mechi moja ya marudiano. Timu ikashindwa kusafiri kwenda Libya, safari ikaishia hapo. Mabao yalikuwepo, maandalizi ya safari hayakukamilika. Kwenye mikataba ya nje mambo ni hayohayo: unaweza kuwa fundi wa mpira, karatasi zikakumaliza.

PASIPOTI SIYO KIPIMO

Mashabiki wengi wanaamini ukishapata kibali cha kuishi Ulaya, TRA haikuhusu tena. Wengine wanaamini kinyume chake, kwamba Mtanzania analipa kodi Tanzania popote alipo kwa sababu ana pasipoti ya Tanzania. Wote wamepiga nje ya goli.

Marekani ndiyo inayowafuata raia wake kwa kodi popote duniani. Tanzania haitumii uraia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaangalia ukazi, na inauangalia mwaka kwa mwaka.

Kwa mchezaji, milango ya kuingia kwenye ukazi ni mitatu. Wa kwanza, una makazi ya kudumu Tanzania na umekanyaga nchini sehemu yoyote ya mwaka huo. Wa pili, umekaa nchini jumla ya siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Wa tatu, umekuwepo nchini mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa siku zako kwa miaka hiyo mitatu unazidi 122.

Mlango mmoja tu unatosha. Na mkazi anatozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Asiye mkazi anatozwa kwa yale tu yanayotoka Tanzania, kama kodi ya pango la fremu zake pale Mwigobero.

HESABU YA DIRISHA

Sasa tuweke mpira kati. Chukua kijana wa Makoko anayeuzwa dirisha kubwa na kuondoka mwanzoni mwa Agosti. Toka Januari mpaka Julai mwisho ameshakaa nchini siku 212. Mwaka ule wote yeye ni mkazi, na mshahara wa nje wa Agosti mpaka Desemba unaingia kwenye mapato yake ya dunia.

Utasema basi bora dirisha dogo. Tuone. Anaondoka mwisho wa Januari 2026. Mwaka huo anakuwa na siku 31 za Januari, na baadaye likizo pamoja na kambi ya Taifa Stars siku 29. Jumla 60. Ila 2024 na 2025 alikuwa nyumbani mwaka mzima. Ukigawanya kwa tatu, wastani unapita 260. Bado mkazi.

Mwaka 2027 anakuja siku 30 tu. Jumlisha na 60 za 2026 na 365 za 2025, unapata 455. Gawa kwa tatu, ni kama 151. Bado yumo. Mpaka 2028, akija tena siku 30, ndipo wastani unashuka hadi 40 na mlango wa tatu unafungwa.

Kwa hiyo ndege inamhamisha kwa siku moja, lakini hesabu ya siku inaweza kuchukua msimu wa tatu kumwachia. Na hapo tumemchukulia kijana asiye na makazi yake mwenyewe hapa. Akijenga nyumba yake Bunda, akaiweka tayari kila akija anafikia hapo, mlango wa kwanza unabaki wazi kila mwaka atakaokanyaga Tanzania. Hata kwa wiki moja.

Hapa kuna tofauti ambayo mchezaji anatakiwa kuielewa. Nyumba uliyomjengea mama, ikawa yake na kwa jina lake, si lazima iwe makazi yako ya kudumu. Nyumba yenye hati kwa jina lako, vitu vyako ndani na mkeo na watoto wakiishi humo, ni ngumu kuikana. Kila kesi inapimwa kwa mazingira yake, na ndiyo maana mshauri wa kodi anatakiwa kabla ya kumwaga msingi.

DENMARK NA SAUDIA SI SAWA

Kuwa mkazi hakumaanishi lazima ulipe mara mbili. Kuna kinga mbili.

Kinga ya kwanza ni mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili. Tanzania inayo na Denmark, Sweden, Norway, Finland, Italia, Kanada, India, Afrika Kusini na Zambia. Nchi mbili zikigombania mchezaji, mikataba ya aina hii kwa kawaida huuliza kwa mpangilio: makazi yake ya kudumu yako wapi? Maisha yake, familia na uchumi wake, vimeegemea wapi zaidi? Kwa kawaida anaishi wapi? Mwisho kabisa ndipo huuliza ni raia wa nani.

Kinga ya pili ipo ndani ya sheria yetu: mkazi aliyelipa kodi ya mapato nje anaweza kuomba ipunguzwe kwenye kodi anayodaiwa hapa kwa mapato yaleyale. Ila punguzo halizidi kodi ya Tanzania yenyewe.

Tazama wachezaji wetu walikopita. Kelvin John alikwenda Aalborg ya Denmark. Aisha Masaka alipita BK Häcken ya Sweden kabla ya Brighton ya England. Mbwana Samatta amekipiga Genk, Aston Villa, Fenerbahçe na PAOK. Simon Msuva alitoka Morocco akaenda Al-Qadsiah ya Saudi Arabia, na Clara Luvanga alitua Al Nassr ya nchi hiyohiyo. Mambo yao ya kodi ni yao na hatuyagusi hapa. Tunaangalia nchi tu.

Denmark na Sweden zina mkataba na sisi. Uingereza haimo kwenye orodha ile, lakini kiwango chake cha juu cha kodi ya mshahara ni asilimia 45, hivyo kwa mshahara mkubwa punguzo linaweza kumaliza deni lote la huku, ambako kiwango cha juu ni asilimia 30.

Saudia ndiko kwenye mtego. Kule mshahara haukatwi kodi ya mapato. Mchezaji anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Ila kama kwa sheria ya hapa bado ni mkazi, hana kodi ya nje ya kupunguza. Kwa viwango vya Bara vilivyoanza Julai 2021, mshahara wa shilingi milioni 20 kwa mwezi unazaa kodi ya Sh5,828,000. Kwa mwaka ni karibu milioni 70. Na kwa kuwa klabu ya Riyadh haimkatii PAYE na kuipeleka TRA, kazi ya kupeleka ritani inabaki kwake. Akikaa kimya misimu mitatu, deni linakua na riba na adhabu juu yake.

Hiyo ni nyumba nyingine kabisa ya Bunda, imekwenda.

AKAUNTI YA KISIWANI

Sasa njoo kwenye akaunti za nje. Kuwa na akaunti benki ya nje si dhambi. Mchezaji wa Göztepe au Genk anahitaji akaunti ya kule ili alipwe, alipe pango na anunue chakula. Kesi inaanza meneja anaposema: "Mshahara utaingia hapa, lakini hela ya picha na matangazo tuipeleke kampuni moja ipo kisiwani, huko hakuna kodi."

Wakubwa walishapita njia hiyo. Julai 2016 mahakama ya Barcelona ilimkuta Lionel Messi na hatia ya kukwepa kodi ya euro milioni 4.1 ya mwaka 2007 hadi 2009, hela za haki za picha zikiwa zimepitishwa kwenye kampuni za nchi kama Belize na Uruguay. Alihukumiwa miezi 21, kifungo ambacho hakukitumikia gerezani. Januari 2019 Cristiano Ronaldo alimalizana na Hispania kwa karibu euro milioni 19 na kifungo cha nje cha miezi 23.

Anayetuhusu zaidi Waafrika ni Samuel Eto'o. Juni 2022 alikiri kosa Barcelona kuhusu kodi ya haki za picha ya mwaka 2006 hadi 2009, akapewa miezi 22 ya kifungo cha nje. Utetezi wake ulikuwa kwamba alikuwa akifanya kila alichoambiwa na wakala wake, mtu aliyemchukulia kama baba. Mahakamani saini ilikuwa ya Eto'o, na adhabu ilimwangukia yeye.

Kwa sasa kujificha kumekuwa kugumu zaidi. Nchi zaidi ya 100, Kenya ikiwemo, zimejiunga na utaratibu wa mamlaka za kodi kubadilishana taarifa za akaunti za benki. Ndiyo maana ukifungua akaunti nje unapewa fomu inayouliza wewe ni mkazi wa kodi wa nchi gani na namba yako ya mlipakodi ni ipi. Mchezaji anayejaza tu alichoambiwa na meneja anasaini kitu kizito.

Kwa anayetaka akiba yake iwe nyumbani, CRDB na NMB zina akaunti kwa ajili ya Watanzania waishio nje. Na kumtumia mama hela ya matumizi Butiama si tatizo. Hela hiyo haigeuki kuwa mshahara wa mama.

TIMU YA MTAANI NAYO INA CHAKE

Wadau wa soka la mtaa, hapa pana fungu lenu. FIFA inaagiza asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe timu zilizomlea mchezaji toka miaka 12 hadi 23. Mchezaji akiuzwa kwa dola milioni moja, timu iliyomlea toka msimu wa miaka 12 hadi wa 15 inastahili asilimia 1, yaani dola 10,000. Toka Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, inayohakiki nyaraka na kulipa benki.

Timu isiyosajiliwa, isiyo na kumbukumbu za mchezaji wala akaunti kwa jina lake yenyewe, itaishia kushangilia kwenye televisheni. Hilo linahusu vituo vya watoto Musoma kama linavyowahusu mabinti wanaoanzia mitaa ya Bunda wakiitazama Bunda Queens.

KABLA YA KALAMU

Dogo, siku ukiletewa mkataba, uliza haya ukiwa na mzazi wako na mtu anayejua kodi, si meneja peke yake. Mshahara huu ni kabla ya makato au baada? Kodi ya huko analipa nani, klabu au mimi, na nitapewa karatasi ya kuonyesha imelipwa? Nchi hiyo ina mkataba wa kodi na Tanzania? Hela ya picha inaingia akaunti ya nani, nchi gani? Nani ana saini kwenye akaunti hiyo?

Kisha weka kumbukumbu ya kila mhuri wa pasipoti, maana siku zako ndizo hesabu yako. Omba cheti cha ukazi wa kodi kutoka nchi unayochezea. Na kabla ya kununua kiwanja Bunda, amua mapema hati itasomeka jina la nani.

Meneja akikwambia maswali hayo yatavuruga dili, mwambie asubiri. Klabu inayokutaka kweli itayajibu.