Nilimdanganya Sista, Mume Wangu Akapewa Dawa za Tumbo

Kuna uongo ambao mke anausema akidhani anaokoa nyumba yake. Wangu niliusema usiku wa manane mwaka 2021, mapokezi ya hospitali moja ya Nairobi.

"Ana nini?" sista aliuliza.

"Tumbo, sista. Kala kitu kibaya."

Haikuwa hivyo. Baba Amani alikuwa amejaribu kujiua, na barua aliyoiacha nilikuwa nimeikunja nikaificha kwenye sidiria. Kisa? Ndani ya teksi, shemeji yangu aliniambia maneno mawili tu: "Usiseme. Watamfunga."

Wala hakunitisha bure. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa: kifungo hadi miaka 2, faini, au vyote viwili. Mimi, Mtanzania niliyeolewa kule, nikadhani hayo ni mambo ya Wakenya. Kumbe sheria ya kwetu nayo ilirithi kosa hilo hilo kutoka kwa Mwingereza, ambaye kwake alishalifuta tangu 1961!

Basi akatundikiwa dripu, akapewa dawa za tumbo, asubuhi tukarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kama analala, kama anakula, kama bado anataka kuishi. Nani angemuuliza, wakati mimi nimeshasema tumbo? Miezi minne tukaishi hivyo. Yeye anakwenda ofisini na tai shingoni, mimi naamka saa tisa usiku kusikiliza kama anapumua. Mama mkwe aliambiwa ni vidonda vya tumbo, akawa anatuma maziwa kutoka Nakuru kila Jumamosi.

Nilipochoka nikamfungukia mwenzangu wa ofisini, naye akatupeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Ni sonona, tukaambiwa, na inatibika. Aliposoma faili la ile hospitali na kukuta limeandikwa tumbo, wala hakushangaa. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningelijua mapema: mwenzio akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Mimi nilikuwa nambadilishia mada, naongeza sauti ya tivii.

Zamani nilidhani chama cha madaktari kazi yake ni kudai mishahara. Lakini mwaka 2022 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili Kenya, pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya huko, kilikwenda Mahakama Kuu kudai mgonjwa asifanywe mhalifu. Kesi zenyewe unazijua, zinatembea kama konokono. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi akatamka kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba: kinambagua mgonjwa, kinamvunjia utu, kinamnyima haki yake ya afya.

Tusidanganyane, hukumu haikumtibu mume wangu. Kilichomsaidia ni dawa na yale mazungumzo ya kila wiki na daktari, ambayo bei yake, jamani, acha tu. Lakini mwenye mgonjwa leo anaweza kufika mapokezi na kusema ukweli. Mimi ningetoa chochote kuipata nafasi hiyo.

Habari nilizisomea kwenye simu, ndani ya matatu, foleni ya Thika Road haisogei. Nikampigia. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo naweza kumwambia mama?"

Jumamosi ile tukaenda Nakuru. Alieleza yote mwenyewe, mimi nikiangalia chini. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono mwanawe, muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Na yale maziwa yote, Mama Amani, nani alikuwa anakunywa?"