Kurasa zilizochanwa, na mfupa uliovunjwa na simba

Jiwe la ukumbusho pale Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, penye miembe, linasema Stanley, mwandishi wa gazeti, alimkuta mmisionari na mpelelezi Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Tarehe hiyo ni ya Stanley mwenyewe. Shajara ya Livingstone inauweka mkutano huohuo siku za mwisho za Oktoba. Wawili wamepeana mikono mahali pamoja, na kila mmoja ameondoka na tarehe yake. Mkulima wa kahawa wa Kalinzi, juu milimani, akishuka ziwani akalisoma jiwe lile, ana haki ya kuuliza amsadiki nani. Naye haulizi kitu kigeni kwake: kwenye kahawa, mkulima na mnunuzi hawaaminiani kwa neno, wote hutazama mizani. Wanaotunza rekodi za mbio za siku nyingi nao hutafuta mizani, na naona utaratibu wao unaifaa sana historia ya njia aliyopita Stanley, ya Bagamoyo mpaka Ujiji.

Mwaka 1888, jijini New York, Mwingereza George Littlewood alizunguka ndani ya Madison Square Garden kwa siku 6, akafikisha maili 623 na robo tatu, karibu kilomita 1,004. Rekodi ilidumu mpaka 1984, Mgiriki Yiannis Kouros alipoipita. Ilidumu kwa sababu Littlewood hakujihesabia: njia ilipimwa, na mizunguko iliandikwa na watu waliokaa pembeni. Mkimbiaji wa siku ya tano, aliyelala kwa kuibia, si shahidi mzuri hata wa miguu yake mwenyewe. Si lazima awe mwongo. Amechoka tu, na mchovu hukosea hesabu.

Stanley naye alichoka. Aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, na kitabu chake kinaiita 10 Novemba siku ya 236 ya safari. Chukua kalenda uhesabu mwenyewe, hata siku ya kuondoka uiingize: utapata 235. Siku moja ni ndogo, lakini inatuonyesha mtu anayehesabu peke yake, bila wa kumsahihisha, na homa ilikwisha kumlaza njiani. Livingstone naye alikuwa mgonjwa. Kwa hiyo siku yenyewe ya mkutano haijulikani kwa uhakika. Ile salamu mashuhuri ya Stanley, “Dr. Livingstone, nadhani?”, ina hali mbaya zaidi: kurasa za shajara ya Stanley zilizohusu saa ile zimechanwa, na Livingstone hakuyaandika maneno yale. Hata hivyo mkutano wenyewe haupotei, kwa kuwa wote wawili waliuandika, kila mmoja katika daftari lake. Ndiyo maana dai lazima lichambuliwe vipandevipande. Kwamba walikutana Ujiji, ni hakika. Siku gani, ni shaka. Walisemaje, tuna msemaji mmoja tu. Hivyohivyo kwa jiwe la Mugere, Burundi, lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871, ambalo wengine hudai ndipo walipokutana mara ya kwanza. Lakini maandishi ya wote wawili yanasema walipanda kaskazini kwa mtumbwi baada ya kukutana, wakaukagua mto Rusizi na kuona unaingia ziwani, hautoki.

Kuna pingamizi zito. Ukidai karatasi na mashahidi, utawafuta wapagazi, waliotembea njia hii zaidi ya Mzungu yeyote na ambao wengi wao hawakuandika. Naliheshimu pingamizi hili, lakini mwendo mkubwa kuliko wa Stanley unalijibu. Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliuzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauviringisha kwa kitambaa na gome, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500. Jacob Wainwright, mmoja wao aliyejua kuandika, aliacha shajara. Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Akawashauri wauzike mwili hapohapo, wakakataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Kisha London, daktari Sir William Fergusson alipapasa mfupa wa mkono wa kushoto, akakuta pale ulipovunjwa na simba mwaka 1844 ukaunga vibaya. Wainwright, Cameron na Fergusson: shahidi wa mwanzo, wa katikati na wa mwisho, na hakuna aliyemtegemea mwenzake. Kwa mizani ileile, wapagazi wametoka na ushahidi mzito kuliko mwandishi wa gazeti. Tarehe ya kifo ina utata, kwani kwenye mti walichonga 4 Mei ilhali kitabu kilichochapishwa cha shajara za Livingstone kinasema 1 Mei, lakini utata huo hauugusi mwendo.

Atakayesema kubeba mzigo si kukimbia, akumbuke kwamba mashindano ya akina Littlewood yaliruhusu mtu kukimbia au kutembea apendavyo. Kilichopimwa ni umbali.

Pale Ujiji ningetamani kibao cha pili kando ya jiwe. Kiandikwe tarehe zote mbili, na jina la kila aliyeitoa. Kiseme salamu ile tunaipata kwa Stanley peke yake. Na kimtaje Susi, ambaye kwa maelezo ya Stanley huyohuyo, alimsalimu Stanley pale Ujiji kabla hajamwona Livingstone.