Mwanga Juu ya Tanga: Mchoro Unaoonyesha Thamani ya Kazi ya Pwani

Tanga jeupe limetandazwa kutoka mwisho wa ua hadi karibu na miguu ya mtazamaji. Pembeni wameketi wanawake, vichwa vimeinama, wakishona. Wanaume nao wanasaidia. Hakuna anayejipanga kupigwa picha. Kila mtu yuko kazini.

Huo ni mchoro wa Joaquín Sorolla, msanii aliyezaliwa mwaka wa 1863 mjini Valencia, pwani ya Uhispania. Aliuchora mwaka wa 1896, na upana wake ni takriban mita 3. Kwa sasa umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Ca' Pesaro, Venice, nchini Italia.

Mwanga unafanya nini?

Jua linapenya katikati ya majani na kuangukia tanga kwa madoadoa. Ukitazama kwa makini, tanga hilo si jeupe tupu. Penye kivuli pana buluu na zambarau. Palipopigwa na jua pana umanjano. Kitu cheupe huchukua rangi za vitu vilivyo karibu nacho, na Sorolla alilijua hilo vyema.

Mwanga mwingi haukuelekezwa kwenye nyuso. Umemwagwa juu ya kazi yenyewe. Jicho huliona tanga kwanza, kisha mikono, halafu wenye mikono hiyo.

Gharama isiyoonekana

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka wa 1894, Sorolla alichora upande mwingine wa maisha hayo. Ndani ya chombo chenye giza, mvuvi kijana aliyejeruhiwa amelala huku wazee wawili wakimhudumia. Mwanga kidogo unauangukia mwili wake. Nyuma wako samaki waliovuliwa. Mchoro huo, ulio katika jumba la Prado mjini Madrid, una jina lenye maana ya "Na bado wanasema samaki ni ghali!"

Maneno hayo yanaeleweka katika diko lolote la Pwani ya Kenya. Bei anayolalamikia mnunuzi imebeba usiku wa mvuvi baharini, nyavu zilizoshonwa upya na moto wa mama karanga.

Kwa vijana wanaochora au kupiga picha ufuoni, funzo ni moja: jua likichomoza, wasiishie kutazama bahari. Watazame pia mwanga huo unaangukia mikono ya nani.