Dubu-Panda Katika Bustani za Wanyama: Chakula na Umeng'enyaji Wake

Katika makala haya mafupi tunakusudia kueleza jinsi dubu-panda anavyolishwa katika bustani za wanyama, na kwa nini malisho yake ni tatizo zito kuliko linavyoonekana. Tunasema "dubu-panda", wala si "panda" tu, kwa kuwa neno panda lina maana nyingine tayari katika Kiswahili: panda ya mti, na vilevile baragumu. Tena jina hili refu linakumbusha jambo lililo msingi wa maelezo yetu, yaani kwamba mnyama huyu ni wa jamaa ya dubu.

Kwa maumbile ya ndani, dubu-panda ni mla-nyama. Tumbo lake lina chumba kimoja, utumbo wake ni mfupi, na hana kile kifuko kikubwa cha utumbo ambamo farasi huchachusha majani. Hata hivyo, katika milima ya China alikozaliwa, karibu chakula chake chote, kiasi cha 99 kwa 100, ni mianzi. Mbuzi akila majani huyacheua, na vijidudu vya tumboni humsaidia kuvunja nyuzinyuzi ngumu. Dubu-panda hacheui, na mianzi humpitia kwa muda wa saa chache tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1982 ulionyesha kwamba mwili wake hufaidi takriban sehemu moja kwa tano ya mianzi mikavu anayoila. Sehemu nyingine zote hutoka kama kinyesi.

Msomaji atauliza: basi anaishije? Anaishi kwa njia mbili. Ya kwanza ni wingi: hula kilo 12 hadi 38 kwa siku, akitumia nusu ya siku au zaidi katika kutafuna. Ya pili ni ubanaji wa nguvu: vipimo vilivyotangazwa mwaka 2015 vilionyesha kwamba matumizi yake ya nguvu kwa siku ni kama 38 kwa 100 ya yale yanayotazamiwa kwa mnyama wa uzito wake. Uvivu wake unaowachekesha watazamaji ni hesabu ya uhai.

Kutokana na hayo, mtunzaji hukabiliwa na kazi ngumu. Zamani bustani nyingi zilimpa uji wa nafaka kwa wingi. Siku hizi mianzi ndiyo msingi, na matofaa, karoti au biskuti maalumu huongezwa kwa kiasi kidogo. Lakini dubu-panda ni mteuzi. Majira haya hupenda machipukizi, majira yale majani, na mengine shina lenyewe. Mianzi iliyokatwa hunyauka upesi, naye huinusa na kuitupa. Kwa hiyo hutolewa mingi kuliko inayoliwa, na huhifadhiwa mahali penye ubaridi na unyevu.

Mfano wa Calgary, nchini Kanada, waonyesha uzito wa jambo hili. Dubu-panda wawili, Er Shun na Da Mao, walifika huko mwaka 2018, wakitazamiwa kukaa hadi 2023. Mianzi yao ilitegemea ndege kutoka China. Ugonjwa wa korona ulipozuka mwaka 2020, safari za ndege zilikatizwa, na upatikanaji wa mianzi mibichi ukawa wa mashaka. Mnyama ambaye tumbo lake halina akiba hawezi kungojea. Mwezi wa Mei bustani ikatangaza nia ya kuwarudisha, na mwezi wa Novemba wakasafirishwa kwenda China.

Kwa kumalizia, yafaa kukumbuka kwamba kumweka mnyama mbali na kwao si kujenga ua na nyumba pekee. Ni lazima kuhamisha pia msitu wake wa chakula, kila siku bila kukosa. Mahali ambapo msitu huo haupo karibu, maisha ya dubu-panda huning'inia kwenye uzi mwembamba wa uchukuzi.